Darasa langu lilisema Ziwa Nakuru lilijengwa na serikali. Tuwafundishe vipi watoto sura za nchi?

Mwalimu wa Lanet (mwanzisha uzi)

Wakuu, hamjambo. Nafundisha Gredi ya 4 hapa Nakuru, na kuna jambo limenikaa kifuani tangu muhula uliopita.

Tulikuwa tumemaliza somo la sura za nchi katika kaunti yetu. Upande mmoja milima, maziwa, mito na mabonde. Upande wa pili barabara, madaraja, mabwawa na majengo. Picha nilizibandika ukutani, na watoto walizitaja zote bila kukosea. Siku ya mwisho, kengele ikikaribia kulia, nikauliza kwa mdomo tu: "Na Ziwa Nakuru je? Ni la asili, au lilitengenezwa na watu?" Zaidi ya nusu ya darasa wakajibu kwamba lilitengenezwa. Wengine wakanitajia na aliyelitengeneza: serikali.

Nilikuwa tayari nimefungua kinywa kuwasahihisha, nikajizuia, nikauliza kwa nini. Msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama akasema, "Mwalimu, lina ua. Lina geti. Ukitaka kuingia unalipa."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo kichwani. Mtoto huyu hakukisia. Alifikiri. Tangu azaliwe, kila alichokiona chenye ua, geti na mtu wa kukata tiketi kilikuwa kimejengwa na mtu: shule, stendi, uwanja wa mpira. Na ua wenyewe umejengwa kweli. Hifadhi ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege, na uzio ukaja baadaye. Kosa lilikuwa langu. Picha niliyobandika ilikuwa na maji na heroe tu, haina ua wala geti, kwa hiyo picha aliijua na ziwa lenyewe, lililo karibu hivi na nyumbani kwao, hakulijua.

Wiki iliyofuata niliweka picha kando nikawasimulia habari za geti la zamani. Wenyeji wa Nakuru mnakumbuka: maji ya ziwa yalianza kupanda miaka ya 2010 na kitu, yakafunika barabara za ndani ya hifadhi, yakaua migunga ya kando ya ziwa ikabaki imesimama mikavu ndani ya maji, na lango kuu likazingirwa hadi likahamishwa. Darasani mna watoto ambao jamaa zao walihama kwa sababu ya maji hayo. Mmoja akauliza, "Nani alifungua bomba?" Hapo ndipo somo lilipoanza kweli. Hakuna bomba. Mto Njoro, Makalia na Nderit huingia ziwani, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka hasa kwa kukauka na jua, yakiacha magadi nyuma, ndiyo maana huwezi kuyanywa. Mvua ikizidi jua, ziwa hupanda, na halimwombi mtu ruhusa. Geti lilijengwa na watu, ziwa likaja likalimeza. Baada ya hapo hakuna aliyerudia kusema serikali ndiyo iliyolijenga.

Kwa hiyo sasa, kila tunapotoka, nawauliza maswali matatu. Kabla watu hawajafika hapa, kitu hiki kilikuwepo? Mkono wa mtu umegusa nini hapa? Na la tatu, ambalo wanalipenda kuliko yote: watu wote wakiondoka wasirudi, kitakuwaje?

Nawaomba ninyi mlio Kisumu, Kakamega, Migori, Bungoma na kwingineko: mna mahali gani panapowachanganya watoto? Mifano rahisi imo katika kila kitabu. Natafuta ile migumu.

Nyar Seme

Mwalimu, ahsante kwa uzi. Nimezaliwa karibu na Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, na hadi nilipofika sekondari niliamini majitu ya zamani ndiyo yaliyoyapanga mawe yale. Ukiyaona utaelewa. Ni mawe makubwa kama nyumba, moja juu ya jingine, yanapanda karibu mita 40, na katikati kuna nafasi ambamo watu huingia kusali. Mtoto yeyote anayejua kupanga matofali atakuambia kuna aliyepanga.

Hadithi ya kwetu ni kwamba mzee mmoja alizoea kwenda kukaa pale kila siku, hata chakula chake akapelekewa huko. Watu wakimuuliza mkewe mzee yuko wapi, hujibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Ndivyo jiwe likaitwa la Mikayi, yaani mke mkubwa. Hadithi hiyo naipenda na wanangu nawasimulia. Ila haisemi mtu alilijenga, na hilo sikuligundua hadi ukubwani: hata wazee wetu walisema mzee *alilikuta*.

Mwamba ule ulikuwa mmoja, umefunikwa na udongo, una nyufa za kusimama na za kulala. Maji ya mvua yakapenya ndani ya nyufa, yakalainisha na kuozesha mwamba polepole kwa muda usiohesabika. Udongo ukasombwa, na yakabaki yale magumu yamekaa pale pale yalipokuwa. Hakuna aliyeyainua. Mpeleke mtoto karibu, mwonyeshe jinsi jiwe la juu lilivyokaa juu ya la chini, umwambie atafute jiwe lililotoka kwingine. Hatalipata.

Halafu, ukipata nafasi, wapeleke Thimlich Ohinga kule Migori. Huko ni kinyume chake. Kwa mbali mtoto ataona vichaka na mawe ya kawaida ya kilimani. Akikaribia atakuta kuta zinazofika zaidi ya mita 4, mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kushikanisha, yameumana yenyewe kwa zaidi ya miaka 400. Mlango uko chini, lazima uiname, na juu yake kuna jiwe refu lililolazwa. UNESCO waliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kwangu mimi hawa wawili ni somo zima: jiwe linaloonekana limejengwa na halikujengwa, na jiwe linaloonekana la porini ambalo ni nyumba ya watu.

Fundi wa Timbo

Mimi si mwalimu. Nakata mawe ya kujengea hapa Nakuru miaka mingi sasa. Naomba niongeze kitu kimoja, na naomba mkichukue kwa uzito.

Jiwe letu lilitokana na majivu ya volkeno yaliyorundikana na kukandamizwa. Hilo ni la asili. Shimo tunalolichimba ni letu. Ukiangalia ukuta wa timbo utaona mistari ya patasi, na mahali pa mashine utaona mikato iliyonyooka. Mtoto akiona mistari hiyo ajue mtu amepita.

Lakini timbo likiachwa, mvua hulijaza. Mwaka mmoja tu, miwili, majani yameota ukingoni, ndege wanakunywa, na mtoto aliyefundishwa kwamba "ziwa ni maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu" anaona ziwa. Anavua nguo anaingia. Ziwa la Mungu kwa kawaida lina ufuo unaoshuka kidogo kidogo: maji ya kifundo, ya goti, ya kiuno. Timbo halina goti. Ukivuka ukingo ni mita nyingi mara moja, ukuta umesimama wima na umeteleza, hata anayejua kuogelea hana pa kushika. Nimeshatoa mtoto wa jirani ndani ya timbo lililoachwa. Alikuwa na miaka 10. Hakuwa hai.

Kwa hiyo mwalimu, unapowafundisha tofauti ya cha asili na cha kutengenezwa, usiishie kwenye alama za mtihani. Wafundishe kuangalia ukingo.

Mwalimu wa Lanet

Fundi, pole sana, na ahsante. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Miaka yote nimefundisha somo hili na sijawahi kuwaambia watoto waangalie ukingo. Jumatatu nitaanza na hilo.

Na umenikumbusha Solai. Mei 2018 tuta la bwawa lilipasuka usiku, maji yakateremka kwenye nyumba za watu, na zaidi ya 40 walikufa. Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa hawajazaliwa au walikuwa mgongoni. Naona niongeze swali la nne: nani anakitunza? Mlima haudai fundi. Tuta la udongo linadai, kila mwaka, na asipokuwepo mtu wa kulikagua ni hatari kwa walio chini yake.

Mzazi wa Kondele

Naheshimu mnayoyasema, lakini niseme kama mzazi. Mwanangu yuko Gredi ya 6 na anakabili KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6. Pale ni kuchagua jibu moja kati ya manne. Ukimfundisha kwamba ziwa ni la asili lakini ua ni wa watu, na timbo ni la watu lakini jiwe ni la asili, si atakaa akifikiri hadi muda uishe? Kwanza ajue orodha, hayo mengine baadaye.

Mwalimu mstaafu, Maseno

Mama (au baba) wa Kondele, hofu yako naielewa. Nilikaa darasani zaidi ya miaka 30 na nilisahihisha karatasi nyingi. Mtoto anayekwama si yule aliyefikiri. Ni yule aliyekariri orodha, kisha swali likataja kitu kisichokuwa kwenye orodha yake.

Mimi nilianza na mchanga. Sinia kubwa, mchanga wenye unyevu, na mkebe uliotobolewa chini kwa msumari. Watoto wanafinyanga mlima upande mmoja. Mmoja anamimina maji kwenye mkebe juu ya mlima, mvua inanyesha. Wenzake wanakatazwa kugusa. Wanatazama tu. Maji yanatafuta njia yenyewe, yanazunguka kokoto, yanapinda, yanachimba kijibonde, yanakwenda kutuama pembeni. Mto huo, na ziwa hilo, na hakuna aliyeweka kidole. Kisha mtoto mwingine anachora mfereji kwa kijiti kutoka ziwani hadi "shambani". Utaona mwenyewe: kila mara mfereji wa mtoto umenyooka. Hapo unawauliza, nje ya darasa letu, maji gani yanapinda na maji gani yamenyooka?

Si kanuni ya kufunga macho. Kuta za Bonde la Ufa zimenyooka mwendo mrefu na hakuna aliyezikata. Ardhi ilipasuka, kipande cha kati kikadidimia. Na barabara za milimani hupinda. Lakini kwa mtoto wa miaka 9 ni pa kuanzia pazuri, na yule aliyemwaga mvua kwa mkono wake hapotei kwenye maswali manne ya kuchagua.

Hapa Maseno tuna mfano mwingine ambao watoto hawauchoki. Kando ya barabara kuna alama ya Ikweta. Mtoto anasimama mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Namuuliza: mstari huu ni wa watu au wa asili? Kibao na rangi ni vya watu. Mstari wenyewe hauonekani, lakini haukupangwa na kamati: unatokana na jinsi dunia inavyojizungusha, uko katikati ya ncha mbili. Kisha namuuliza mpaka wa kaunti yetu na ya jirani. Huo nao hauonekani, ila ni makubaliano ya watu na unaweza kuhamishwa kesho. Mistari miwili isiyoonekana, mmoja wetu, mmoja si wetu. Wavulana wakubwa walibishana juu ya hilo hadi mapumziko.

Mzazi wa Kondele

Mwalimu, mimi ni mama. Sinia ninalo. Nitajaribu Jumamosi.

Mpenda Lugha, Mumias

Ningependa tuangalie maneno, kwa sababu naona nusu ya mkanganyiko umo humo. Tunasema "bwawa" kwa maji yaliyotuama yenyewe mahali penye kina, na "bwawa" hilo hilo kwa maji yaliyozuiwa na ukuta wa saruji. Mtoto afanyeje? Kiswahili kina neno *lambo* kwa yale maji ya kuchimbiwa au kuzuiliwa ili mifugo inywe na mashamba yanyweshwe, lakini tumeliacha likalala. Tulirudishe darasani. Ziwa limejileta, lambo limechimbwa, dimbwi ni la mvua ya jana.

Vivyo hivyo mto na mfereji. Korongo limechimbwa na maji, handaki limechimbwa kwa jembe. Lugha yetu imeshafanya kazi ya kutenganisha, sisi ndio tunaziba kila kitu kwa neno moja. Na tazameni Bonde la Ufa: jina lenyewe linamwambia mtoto lilivyotokea. Kuna ufa. Mtoto aliyeona ufa kwenye ukuta wa udongo au kwenye ardhi ya kiangazi ameshaelewa robo ya somo kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Suala la msitu pia lisiachwe. Msitu wa Kakamega ni masalia ya msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo. Miti ya kila umri, ya kila jina, mizabibu ya porini, giza chini. Kisha kuna mashamba ya misonobari na mikaratusi yaliyopandwa kwa mistari, miti ya rika moja, ukisimama mahali fulani unaona hadi mwisho wa safu. Watoto huita yote "msitu". Wapeni kamba wapime nafasi kati ya mti na mti.

Mkulima wa Ahero

Kwetu mtoto anaishi ndani ya jibu. Mto Nyando umeletwa na mvua ya milimani. Pampu, mifereji na majaruba ya mpunga ni kazi ya watu, mradi ulianza mwaka 1969. Uwanda wenyewe wa Kano uko chini na ni tambarare, ndiyo maana mto ukifura haujui lipi ni jaruba na lipi ni sebule. Binti yangu aliulizwa shuleni achore kitu cha asili na cha kutengenezwa, akachora mto umeingia ndani ya jaruba. Mwalimu wake alimpa nusu alama. Mimi ningempa zote.

Mama wa Mbita

Niwaulize ninyi wataalamu. Rusinga ni kisiwa, sivyo? Miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo kutoka Mbita hadi huko, magari yakavuka, na maji ya mlango ule yakazibwa. Mimi nimekua nikivuka kwa miguu. Mwaka 2017 daraja likachukua nafasi ya tuta na maji yakapita tena chini yake. Mwanangu anauliza: kipindi kile cha tuta, Rusinga ilikuwa kisiwa au siyo? Sikuwa na jibu.

Mwalimu mstaafu, Maseno

Mama, muulize naye: tuta lingeachwa bila kukarabatiwa miaka 200, mawimbi yangelifanya nini? Maji yalikuwa pale kabla, na yangerudi. Kwangu ilibaki kisiwa kilichofungwa kamba. Lakini mwacheni ajibu mwenyewe kwanza. Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyowahi kutunga.

Kijana wa Endebess

Naongeza moja la kwetu Mlima Elgon. Pango la Kitum. Tembo huingia gizani usiku, wanakwangua ukuta kwa pembe ili wapate chumvi, na kwa kufanya hivyo kwa vizazi wamelipanua pango. Alama za pembe zinaonekana. Si mtu aliyechimba, na si maji peke yake. Mimi nilipokuwa shule nililiandika la asili nikapata. Naona bado ni sahihi, kwa sababu tembo ni wa asili, lakini linamfundisha mtoto kwamba alama ukutani haimaanishi patasi kila mara.

Mwalimu wa Lanet

Wakuu, narudi na habari. Nimechukua muda kwa sababu nilitaka kwanza kuwapeleka.

Menengai tulienda asubuhi. Tulisimama ukingoni, mita 2,278 juu ya bahari, watoto wakatazama chini kwenye kaldera yenye upana wa kilomita kama 12. Niliwaambia huu ulikuwa mlima mzima, ukamwaga vilivyokuwa tumboni, na paa likaporomoka ndani. Mvulana mmoja akaona moshi mweupe mbali na mabomba yanayong'aa. Visima vya jotoardhi vilianza kuchimbwa humo mwaka 2011. Nikawaacha wagawane wenyewe: mvuke wa nani, bomba la nani. Hakuna aliyekosea, na mama wa Kondele, niliwaandikia hapo hapo swali la kuchagua moja kati ya manne. Walimaliza kabla sijakaa.

Kisha tukashuka Hyrax Hill. Hapo ndipo nilipopataka. Kwenye mteremko kuna mashimo ya duara, hayana kina kikubwa, yameota majani. Mary Leakey alichimba kilima hicho kuanzia mwaka 1937. Sikuwaambia chochote. Niliwauliza tu: asili au watu? Wengi wakasema asili, mvua imechimba. Mmoja akasema ni volkeno ndogo, kwa sababu tulikuwa tumetoka Menengai.

Yule msichana wa dawati la mbele hakujibu. Alizunguka ukingo, kama Fundi alivyotufundisha, akiangalia chini. Alipofika upande wa mteremko alisimama. Hapo ukingo umekatika, pana nafasi ya kupita. Akaniita: "Mwalimu, hapa palikuwa na geti."

Yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yakichimbwa kilimani na wafugaji wanaoitwa Wasirikwa, karne nyingi kabla ya mji wetu. Na kila moja lina mlango mmoja, upande wa chini. Tulipopanda kidogo tukakuta mashimo madogo ya bao yamechongwa kwenye mwamba, na hapo hata sikuhitaji kuuliza.

Fundi, tunaomba kuja kwako. Darasa lina watoto 44 na walimu wawili. Tutasimama mbali na ukingo kama utakavyosema.

Fundi wa Timbo

Karibuni. Njooni Jumapili mchana, mashine zikiwa zimezimwa na vumbi limetulia. Nitafunga kamba mita 10 kutoka ukingoni na nitasimama hapo mimi mwenyewe. Waje na viatu vya kufunika vidole.